Watoto Hupotea Bao Likiingia

Vijana wangu, mmenikuta nimechoka. Si uchovu wa leo, maana leo sijafanya kazi yoyote zaidi ya kuota jua na kufukuza kuku kwenye mahindi. Ni uchovu wa zamani, umekaa magotini, wa mtu aliyesimama mahali pamoja miaka mingi akisukumwa na watu wenye haraka ya kufurahi. Mmekuja kuniuliza habari za mpira wa miaka ya sabini hapa Mbeya, nani alikuwa anafunga na nani alikuwa anadaka. Kwa hilo mtaondoka mikono mitupu, na mnisamehe. Mpira wenyewe sikuuona. Nilikuwa getini.

Nyie siku hizi mnagusisha kadi kwenye mashine, mashine inalia, mnapita. Raha tupu. Geti langu lilikuwa milango miwili ya mabati iliyofungwa kwa mnyororo, ikifunguliwa kidogo tu, kiasi cha mtu mmoja kupita kwa ubavu. Kulia ukuta wa matofali, kushoto uzio wa mabanzi ambao kila wiki ulipata tundu jipya. Katikati hapo nilisimama mimi. Mkitaka kujua kazi ile ilivyokuwa, kasimameni mlangoni mwa kanisa siku ya Pasaka, watu wote waingie kwa mara moja, halafu muambiwe mumtambue ambaye hajabatizwa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo nyie hamkulikuta. Enzi zile mtoto mdogo hakukata tiketi, ilimradi aingie ameshikwa mkono na mtu mzima mwenye tiketi yake. Hakuna mahali palipoandikwa. Niliikuta desturi hiyo, na aliyenifundisha kazi naye aliikuta. Basi siku ya mechi, tangu mchana, mngeona watoto wamejipanga kwenye ule mteremko wa getini, wamenawa nyuso, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, na miguu ina vumbi. Kila mwanaume anayepita wanamwamkia: "Shikamoo baba, nishike mkono." Hawamjui, hawajapata kumwona. Na yule mwanaume, awe mpasua mbao, awe karani, anatoa mkono bila hata kumtazama mtoto, wanaingia. Ndivyo nusu ya watu wazima wa mji huu walivyoingia uwanjani mara ya kwanza. Wakiwahadithia leo watasema walipelekwa na baba zao. Waacheni, msibishane nao.

Aliyenifundisha ni Mzee Mwasumbi, mtu mfupi, mkali, mwenye koti la mvua alilolivaa hata kiangazi. Siku yangu ya kwanza alinikuta nawakazia watu macho, akanipiga kwenzi la kisogoni.

"Unatazama nini nyuso za watu, unataka kuoa? Tazama mikono."

Akanielekeza. Mtoto wa mtu huburutwa. Anaangalia nyuma, anaangalia maandazi, anasema kiatu kinambana. Mtoto wa kuazima hutangulia, anamvuta yule baba yake wa dakika mbili kama mbuzi aliyeijua njia ya shambani. Wote wawili tuliwapitisha. Lakini ukimwona wa kuazima, ilikupasa umshike mtu mzima bega na kumwambia maneno matatu: umemwingiza mwenyewe, utamtoa. Kisha ungoje akuitikie. Asipoitikia, unamrudisha. Mzee Mwasumbi alikuwa na msimamo kwamba mlinzi wa geti hahesabiwi kazi yake kwa walioingia. Anahesabiwa kwa watoto waliotoka.

Nami kama kawaida ya vijana, baada ya miezi michache nikajiona nimeiva. Siku moja nikamzuia mwalimu wa shule ya msingi aliyekuja na binti mdogo, kwa sababu yule binti alikuwa anatangulia. Nikamwambia, mwalimu, huyu si wako. Akacheka. Nikainama nikamuuliza binti mwenyewe, "Huyu ni nani yako?" Binti akamtazama mwalimu toka juu mpaka chini, akasema, "Simjui." Kumbe alikuwa amenyimwa karanga pale nje, amenuna. Foleni nyuma ikaanza kupiga kelele kwamba kuna mwizi wa watoto, na polisi wanakuja. Ilibidi aletwe mama mtu kutoka nyumbani na kanga yake ya jikoni aje aseme huyu ni mume wangu na huyu ni mwanangu. Mechi ilikuwa imekwisha. Mwalimu yule hakunisalimia tena mpaka alipohamishiwa Chunya.

Mnanichekea. Haya, chekeni, mimi mwenyewe nilishachoka kuicheka.

Nikienda msibani leo, hata kama aliyelala pale mbele ni ndugu yangu, lazima atatokea mtu mwenye mvi aninong'oneze: "Mzee Geti, mechi yangu ya kwanza niliingilia kwako." Halafu anaanza. Nimezisikia nyingi mno, zimenichosha, lakini nitawaambia nilichokiona ndani yake. Hakuna anayekumbuka nani alishinda. Mmoja anakumbuka mgongo wa mtu mnene aliyesimama mbele yake, na koti lake lilinuka moshi wa tumbaku. Mwingine anakumbuka baridi ya mwezi wa sita na chungwa alilonunuliwa na mtu asiyemjua. Mama mmoja wa Uyole alisema alichokiona ni miguu tu, msitu wa miguu, na mwanga mdogo kule mbele, na watu wakashangilia naye akashangilia, asijue ni nini. Lakini akishamaliza kusema hivyo, bado atakuapia kwamba bao aliliona. Wote waliliona bao. Nami najua kwa hakika walikuwa nyuma ya mtu mnene.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na kama mna nia ya kusimamia watu popote, hata harusini, lishikeni hili. Mtoto hapotei wakati wa kuingia. Hapotei hata wakati wa kutoka. Mtoto hupotea bao likiingia. Mtu mzima anaweza kumshika mtoto saa nzima na nusu, ugomvi ukatokea, mvua ikanyesha, asimwachie. Lakini mpira ukigusa wavu, mikono yote miwili inakwenda juu. Haulizwi mtu. Mzee Mwasumbi akaniambia, ukisikia kelele ile ya bao, usigeuke kutazama mpira. Tazama chini, kwenye usawa wa viuno vya watu, maana watoto wataanza kumwagika. Na kweli walimwagika. Kila kelele mimi nilikuwa nimeinama, nadaka watoto. Ndiyo maana nimewaambia mapema kwamba mabao sina.

Basi niwape hadithi moja, nipumzike.

Ilikuwa masika yanaishia. Timu ya Iringa ilikuwa inakuja kucheza na yetu, na mji mzima ulikuwa hausemi lingine. Kamati ya uwanja ikaona watu wamezidisha, mtu mmoja anaingia na watoto wanne wamening'inia kila kidole. Ikatoa amri: kwa mechi hii, mtu mzima mmoja, mtoto mmoja. Amri nzuri tu, na mimi niliishika.

Mchana likaja lori la kubebea mbao kutoka Iringa, limejaa watu tangu alfajiri, wamejifunika mablanketi, wanaimba, na madumu yao ya ulanzi, ile pombe ya mianzi. Wakashuka na watoto wao. Nikawasomea amri pale getini. Baba mmoja mrefu alikuwa na watoto watatu, wawili wake na mmoja wa dada yake. Hakubishana. Wahehe wale walifanya jambo la akili kabisa: wakagawana watoto. Mwenye watatu akatoa wawili kwa wasio na watoto. Kitinda mimba wake, mtoto wa kama miaka sita, amevaa sweta la kike la kijani lililomfika magotini, akapewa fundi seremala mmoja waliyemwita Mgaya. Walipofika kwangu nikamshika Mgaya bega, nikamwambia umemwingiza mwenyewe, utamtoa.

"Wasiwasi wa nini bwana geti," akasema, "huyu si ni wangu tu."

Bao lilikuwa moja, na liliingia mwishoni kabisa, upande wa mbali na geti. Kwa jinsi kelele zilivyokuwa chache lakini kali nikajua ni Iringa. Nikainama kama kawaida. Hakuna mtoto aliyemwagikia kwangu. Kidogo filimbi ikalia, tukafungua milango yote miwili, na ikishafunguliwa yote huwezi kuangalia mkono wa mtu, ni mafuriko. Wale wa lori wakapita wanacheza, dereva wao keshawasha gari anapiga honi, maana njia ilikuwa ndefu na watu wetu walikuwa wameanza kuokota mawe. Nikawaona wanapanda. Nikaona watoto wanarushwa juu kama mizigo. Nikashusha pumzi.

Watu walipokwisha, nikaenda kufunga tundu la uzio. Nikamwona. Alikuwa amesimama nyuma ya goli la mbali, kashika mwimo wa goli, sweta la kijani limelowa. Halii. Nikamwita, hakuja. Nikamfuata, nikamuuliza jina, akanijibu, "Kamwene." Nikamuuliza baba yuko wapi. "Kamwene," akasema tena, salamu ya kwao hiyo, kwa adabu, kama alivyofundishwa kumjibu mkubwa. Kiswahili hakuwa nacho, na mimi Mnyakyusa Kihehe sina.

Pale nje alikuwapo Mama Vumi, muuza viazi vya kuchemsha, mzaliwa wa Igowole kule Iringa. Nikamwita. Akachuchumaa mbele ya mtoto, akasema naye kwa lugha yao, na mtoto akafunguka kidogo. Anaitwa Gaudensi. Amekuja na baba kwa lori. Kijijini kwao kuna kisima karibu na mlima. Mlima gani? Mlima tu.

Tukakimbia mpaka lori lilipokuwa limesimama. Tulikuta alama za matairi kwenye tope na maganda ya machungwa. Hapo, vijana, nikaogopa kama sijawahi kuogopa. Nikaona wazi kabisa lililotokea. Baba anajua mtoto yuko kwa Mgaya. Mgaya anajua mtoto kesharudi kwa baba. Lori litakwenda hivyo mpaka Iringa, watashuka usiku gizani, kila mtu atatawanyika kwenda kijijini kwake, na atakayegundua wa kwanza ni mama yake, akifungua mlango na kuwahesabu wanaoingia. Kijiji chenyewe hatukijui. Simu huko hakuna. Mtoto tungempeleka polisi, kisha? Angekaa wiki ngapi, na nani angejua aulizie wapi? Nimesimama pale, miguu inaniuma tangu asubuhi, na nilitaka kukaa chini nilie.

"Usisimame hivyo," Mama Vumi akaniambia. "Nenda kwa Jivani."

Jivani alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko. Baba yake ndiye aliyekuja kutoka Bombay. Yeye alizaliwa hapa hapa, na Kisafwa alikisema vizuri kuliko Wasafwa wa mjini. Hakuwa na mtoto. Lakini kila mechi alifika getini kwangu ametanua mikono yote miwili tangu mbali, na watoto walimkimbilia kumgombea. Alikuwa na pikapu, na siku zile petroli ilikuwa ya kubembeleza. Tulimkuta anafunga duka. Nikamweleza huku nahema. Akamtazama yule mtoto, akaingia ndani, akatoka na ufunguo.

"Mafuta ya kwenda yapo," akasema. "Ya kurudi tutajua huko huko. Pandeni."

Sitawaambia habari nyingi za njiani. Mama Vumi alimpakata mtoto, mimi nikakaa mlangoni, na sufuria ya viazi ipo nyuma inagongagonga. Kila lori tuliloliona mbele Jivani alikanyaga moto, na kila tulipolipita tulikuta ni la magunia, ni la ng'ombe, ni la watu wengine. Igurusi tukauliza, wakasema limepita, wanaimba. Mtoto alikuwa anatazama mbele tu. Mama Vumi akampa kiazi, akakishika mkononi asikile. Niliwaza nikasema, Mungu wangu, hii ndiyo mechi yake ya kwanza, na akiwa mtu mzima hiki ndicho atakachokikumbuka, kioo cha gari la Mhindi na mimi ninayenuka jasho.

Chimala tukalikuta. Si mnajua, mtu wa safari hapiti Chimala bila kula wali. Lori limeegeshwa pembeni ya barabara, jua linazama, na wenyewe wamekaa kwenye mabenchi ya mama ntilie, sahani magotini, bado wanaimba. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anatafuta mtu. Hilo liliniuma kuliko yote. Nikashuka peke yangu kwanza.

"Nani hapa mwenye mtoto anaitwa Gaudensi?"

Yule baba mrefu akanyanyua kijiko, anacheka. "Wangu huyo. Yuko na Mgaya."

Mgaya akageuka na tonge mkononi. "Yuko na mimi? Si yuko na wewe, kaka?"

Wimbo ukakatika. Yule baba akaweka sahani chini taratibu, akaenda kwenye lori, akapanda. Nikamwambia, "Baba, tulia, mtoto tunaye kwenye gari." Hakunisikia. Alikuwa anafunua blanketi moja moja, anaita, "Gaudensi! Gaudensi!" anafunua mengine aliyokwisha kuyafunua. Nikamwambia tena kwa sauti. Mpaka wenzake walipompandia na kumshika ndipo akaelewa. Akashuka. Hakwenda kwa mtoto. Alipita jikoni kwa mama ntilie, akachomoa gogo la kuni, akamwendea Mgaya.

Hakuna aliyemzuia. Mgaya mwenyewe hakukimbia wala hakunyanyua mkono.

"Nipige, kaka," akasema. "Lilipoingia nilinyanyua mikono yote. Nilipoishusha hayupo. Nikasema amekuja kwako. Nipige tu, ni haki yako."

Na angempiga. Mimi niliuona ule mkono ulivyokaza, na akimpiga kichwani angemuua. Nikapiga hatua, nikajua sitafika. Hapo mlango wa pikapu ukafunguka na mtoto akaja mbio kwenye tope, sweta linamkwaza, akasimama katikati yao, akasema. Alisema maneno mengi, kwa haraka, yule ambaye njia nzima hakutoa neno. Gogo likabaki juu.

Nikamvuta Mama Vumi. "Anasema nini?"

Mama Vumi alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Anasema baba asimpige Mgaya. Anasema alikuwa haoni kitu mechi nzima, watu warefu. Mgaya alipomwachia ndipo akapenya chini ya miguu mpaka kwenye kamba ya pembeni ya uwanja. Anasema mpira ulikuwa bado unazunguka kwenye wavu. Anasema ni zuri, baba, lile bao ni zuri."

Yule baba akaliacha gogo likaanguka. Akaketi palepale kwenye tope, akamkalisha mwanawe pajani, akamuuliza lilifungwaje. Mtoto akaanza kumweleza, na watu wazima wote wale, ambao walikuwepo uwanjani na waliliona wenyewe, wakamsikiliza mpaka mwisho.